Kubonyeza "Nakubali": Je, Hiyo Ni Ridhaa?



Wanafunzi wa somo la Muamalat mnakumbuka kuwa biashara ina nguzo zake: muuzaji na mnunuzi, kitu kinachouzwa pamoja na thamani yake, na tamko la kuuza na la kukubali. Mnakumbuka pia kwa nini wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi walilitilia mkazo tamko. Ridhaa imo moyoni, hakuna mtu aionaye, kwa hiyo lazima iwe na dalili ya nje. Na aliyelazimishwa bila ya haki, hata akitamka mara mia kwamba ameuza, biashara yake haisihi. Msingi wa haya yote ni aya ya 29 ya Suratun Nisaa, inayokataza watu kulana mali zao kwa batili na kuhalalisha biashara ya kuridhiana.

Sasa chukueni simu ya nyumbani. Mtoto ameiomba asome Suratul Mulk kabla ya kulala, amefungua programu ya Qur'ani ya bure. Hajafika aya ya kumi, kioo kizima kimejaa tangazo la kamari ya mpira. Pembeni ipo alama ya kulifunga, ndogo kama punje ya mtama, na kidole kikikosea kidogo tu simu inampeleka kwenye ukurasa wa kubeti. Bando linaliwa, na mzazi aliyelinunua hakuulizwa. Akilalamika anajibiwa kwamba alikubali mwenyewe, siku ile alipobonyeza "Nakubali". Somo letu la mwaka huu ni neno hilo moja.

Kwanza tusichanganye mambo. Kutangaza bidhaa si haramu. Muuza samaki anayepita mtaani akinadi, kondakta anayeita abiria, mama anayeandika kwenye kibao kwamba leo kuna mbaazi na mahamri, wote hawa wanafanya kazi ya halali. Lakini yule muuza samaki hakuingia chumbani kwako, wala hakushika daftari akaandika ni nani aliyefungua mlango, saa ngapi, na baada ya hapo alielekea wapi. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Matangazo ya intaneti nayo hayakuanza hivi. Bango la kwanza la aina hiyo lilitokea tarehe 27 Oktoba 1994 katika jarida la HotWired la Marekani, na lilikuwa picha tu juu ya ukurasa. Miaka michache baadaye, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, Ethan Zuckerman, aliandika programu ya kufungua tangazo katika dirisha lake peke yake, kwa sababu kampuni ya magari ilichukia tangazo lake kuonekana ndani ya ukurasa wenye machafu. Tangazo la kurukia machoni likazaliwa. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika makala akaomba radhi hadharani, na akasema ubaya ulikuwa katika uamuzi wa kuijenga intaneti nzima juu ya fedha za matangazo. Kwa kuwa aliyeyasema hayo ni fundi wa kazi yenyewe, maneno yake yana uzito.

MNADA USIOUONA

Yatupasa tuelewe kinachotendeka ndani ya simu, maana wengi wetu hudhani tangazo limebandikwa pale kama karatasi ukutani. Sivyo. Unapofungua ukurasa au programu yenye matangazo, mara nyingi hupigwa mnada kabla ya sekunde moja kwisha. Kinachonadiwa ni nafasi ya kuonekana na wewe. Ili wanunuzi wajue watoe bei gani, hupelekewa habari zako: aina ya simu, eneo ulilopo, programu uliyofungua, na namba maalumu ya matangazo inayoitambulisha simu yako. Kampuni nyingi huzipokea kwa wakati mmoja. Mmoja hushinda mnada na tangazo lake likatokea. Na wale walioshindwa? Wameshazipata habari. Mnada wa ng'ombe ukiisha, aliyekosa hurudi mikono mitupu. Katika mnada huu aliyekosa ng'ombe huondoka na maziwa.

Dalali mkubwa wa soko hili ni Google. Ana vifaa vya wenye kurasa wanaouza nafasi, ana vifaa vya wanaonunua, na ana uwanja wenyewe wa mnada. Mwezi Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya Virginia, Marekani, aliamua kwamba kampuni hiyo ilijijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika uwanja wa mnada na katika vifaa vya wenye kurasa.

Mtu atasema: wakijua simu yangu ni ya aina gani, mimi nimepungukiwa na nini? Na tuliangalie jambo lililotugusa sisi wenyewe. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, Marekani, walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyokuwa imepakuliwa mara takriban milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. X-Mode ilikuwa ikiuza habari za namna hiyo kwa wakandarasi, na kupitia kwao zikafika kwa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuwa waliliuzia jeshi, na wakatangaza kuvunja uhusiano wao na X-Mode. Mwaka 2022 ikajulikana habari nyingine: Al-Moazin Lite, programu ya adhana na nyakati za sala iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 10, ilikuwa na kipande cha programu cha kampuni iliyosajiliwa Panama, kilichokuwa kikikusanya namba za simu za watumiaji. Watengenezaji wa programu za namna hii walilipwa fedha ili wakiweke. Google iliiondoa dukani mpaka kitolewe.

Mtu aliyepakua programu ili asikose Alfajiri hakuwa ameridhia jambo hilo. Alibonyeza "Nakubali", ndiyo, lakini alikubali kuambiwa wakati wa sala. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza kupelelezana, na haikumtoa katika katazo hilo mpelelezi anayefanya kazi hiyo kwa ajili ya kuuza viatu. Mwezi Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliipiga marufuku X-Mode na kampuni iliyoirithi kuuza habari za watu waliofika mahali nyeti, na nyumba za ibada zimetajwa humo. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu tangu jambo lifichuliwe.

MLANGO WA KUKUBALI NA MLANGO WA KUKATAA

Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, tumefundishwa kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Na katika hadithi aliyoisimulia Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) tunafundishwa kwamba kuomba ruhusa ni mara tatu, asiyeruhusiwa ageuze njia. Watoto wa madrasa yetu wanaijua adabu hii tangu darasa la kwanza. Hodi ya tatu, hakuna jibu, unaondoka.

Programu za simu hupiga hodi mpaka mlango uchoke. Leo umekataa kuruhusu arifa, kesho unaulizwa tena, na kesho kutwa. Halafu kuna hila ya milango miwili. Kitufe cha kukubali ni kikubwa, kina rangi ya kuvutia, nawe ukikibonyeza mara moja yamekwisha. Kukataa kumefichwa nyuma ya "chaguo zaidi", na ndani yake kurasa nyingine mbili tatu. Ufaransa walilipima jambo hili kisheria: Januari 2022 mamlaka yao ya ulinzi wa taarifa, CNIL, ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulikuwa kwa kubonyeza mara moja, ilhali kukataa kulihitaji kubonyeza mara kadhaa. Naona hukumu hii inafaa kusomwa katika darasa la Muamalat. Kukubali kunakopatikana kwa kumchosha mtu si kulazimishwa kwa upanga, sawa, lakini kumeacha kuwa dalili ya kile kilichomo moyoni, na tamko linatakiwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Amazon nayo ilishitakiwa na FTC mwaka 2023 kwa kuwaandikisha wateja katika huduma ya kulipia iitwayo Prime bila ridhaa iliyo wazi, kisha kuifanya safari ya kujitoa iwe ndefu. Ndani ya kampuni safari hiyo waliipa jina la Iliad, utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita vya Troya, nadhani walijua walichokuwa wakikifanya. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, na bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarudishia wateja. Mkumbuke mlango wa khiyari katika fiqhi, haki ya mnunuzi kurudi nyuma. Khiyari iliyofichwa ni sawa na khiyari iliyonyimwa.

Upo pia uzito wa namna nyingine, wa mwenye soko kukufungia humo. Kivinjari cha Chrome ni mali ya Google, na Google hula kwa matangazo. Kuanzia mwaka 2024 ilibadilisha kanuni za viongezo, na uBlock Origin, kilichopendwa na wengi kwa kuzuia matangazo, kikazimwa ndani ya Chrome. Kampuni inasema ni kwa ajili ya usalama na wepesi. Huenda usalama umo, lakini mwenye mizani akiwa ndiye mwenye duka, mnunuzi ana haki ya kuuliza. Apple kwa upande wake ilikuwa ikichukua hadi asilimia 30 ya malipo yanayofanyika ndani ya programu za iPhone, na ikiwakataza wauzaji kumwambia mteja humo humo kwamba nje bei ni nafuu. Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California aliamuru mwaka 2021 katazo hilo liondolewe Marekani, na Aprili 2025 akaamua kwamba Apple ilikaidi amri yake kwa makusudi. Katika fiqhi tuna mfano wa karibu sana: Mtume (S.A.W.) alikataza kuulaki msafara njiani kabla haujafika sokoni. Sababu ni kwamba mwenye bidhaa hajajua bei ya soko, na aliyemlaki anataka asiijue.

Wanafunzi wakubwa huuliza: je, kuzuia matangazo si kumdhulumu mwenye ukurasa, naye anakula kwa hayo? Swali zuri. Rai yangu ni kwamba simu ni yako na bando ni lako, na kufunga mlango wako si kuiba cha mtu. Mwenye ukurasa akisema asiyetaka matangazo asiingie, ana haki hiyo, nawe uondoke. Lakini programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, mnayorushiana kwa memori kadi, hiyo ni mali ya mtu na haina udhuru wa matangazo. Na ukurasa au programu yenye manufaa ikiwa na bei ndogo ya kuondoa matangazo, mzazi mwenye uwezo ailipie.

Sheria tunazo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ya kupokea malalamiko. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Na sisi wa madrasa, tunaorusha picha za Maulidi kabla shughuli haijakwisha, tusikie.

Nyumbani, fanyeni haya pamoja na watoto. Katika simu nyingi za Android, ingieni kwenye mipangilio, mahali pa faragha au pa Google, mtafute matangazo, kisha mfute ile namba ya matangazo. Katika iPhone, tangu Aprili 2021, programu hulazimika kuomba ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu nyingine, kataeni. Kivinjari cha Firefox, hata cha simu ya Android, bado kinapokea uBlock Origin. Kisha piteni programu moja moja mkaangalie ni ipi iliyoruhusiwa kujua mahali mlipo. Programu ya nyakati za sala haihitaji kuwafuata mpaka dukani: mchagulie jina la mji kwa mkono, inatosha. Ratiba iliyobandikwa msikitini haijawahi kumuuza mtu.

Ama kibla, sisi wa mwambao tuko karibu na mstari mmoja na Makka, na ndiyo maana wazee wetu kaskazini waliiita kibla tu. Mwenye kutaka kuhakikisha asubiri tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, au tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana, kwa saa zetu hizi hizi ambazo ni sawa na za Makka. Nyakati hizo jua huwa juu ya Al-Kaaba utosini. Simamisha mti ulionyooka uani, uangalie kivuli chake: kibla ni upande wa pili, kuelekea jua lilipo. Darasa la tatu tutalifanya zoezi hili uwanjani tarehe 28 Mei, inshaallah, kila mmoja aje na fimbo na kamba.