Kwa Nini Tangazo Lako la Google Linakaa Chini

Wengi wetu wa kitivo cha elimu tunaishi kwa twisheni bumu likikata. Zamani tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, basi. Siku hizi mzazi wa Kimara mwenye mtoto wa kidato cha nne anashika simu na kuandika Google "mwalimu wa hisabati nyumbani", na yanayomjia juu mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Swali ninaloulizwa sana na wenzangu ni hili: vituo vikubwa vina hela, sisi tuna vijisenti, tutawapitaje? Jibu ni kwamba nafasi ile hainunuliwi kwa pesa peke yake, na ukielewa hesabu yake utaona mahali pa kupenya.

Mwaka 1998 kampuni ya Kimarekani ya GoTo.com ilianza kuuza nafasi kwenye matokeo ya utafutaji kwa mnada. Aliyetaja bei kubwa kwa kila mbofyo alikaa juu. Ni mfumo mwepesi kuuelewa, ila mwenye hela aliweza kukaa juu hata kama tangazo lake halina mvuto kwa anayetafuta. Google ilianzisha huduma yake ya matangazo mwaka 2000, na mwaka 2002 ikaleta mnada unaoangalia pia watu wanalibofya tangazo kwa kiasi gani. Msidhani ni huruma kwa wanyonge. Google inalipwa mtu akibofya. Tangazo la shilingi 1,000 lisilobofywa na mtu linaingiza sifuri.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kikundi chenu cha twisheni kimetaja shilingi 600 kwa mbofyo na ubora wa tangazo lenu ni 8. Kituo kikubwa kimetaja 1,000, ubora wao 4. Zidisha: nyinyi 4,800, wao 4,000. Mko juu. Tena hamlipi hata hiyo 600, mnalipa kiasi cha kuwapita walio chini yenu tu: 4,000 gawanya kwa 8, yaani 500 na kitu kidogo. Sasa shusha ubora wenu uwe 5. Mnapata 3,000, mnashuka, na ili muwapite inabidi mtaje zaidi ya 800. Hesabu ya kweli ina mambo mengine ndani, kama mahali alipo mtafutaji na kifaa anachotumia, lakini mantiki ndiyo hiyo.

Ndani ya akaunti utaona alama ya ubora, 1 hadi 10, kwa kila neno ulilochagua. Ichukulie kama matokeo ya mock. Haiingii kwenye cheti, kwa sababu Google hupima ubora upya kila mtu anapotafuta, ila inakuonyesha unapolegea. Na kama ilivyo kwa mock, kuna watu wanahangaika na namba badala ya kurudi kwenye mada.

Mada zenyewe ni tatu: uwezekano wa watu kubofya, tangazo kuendana na kinachotafutwa, na ukurasa anaoufikia mtu baada ya kubofya. Kila moja inapewa daraja lake: juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani.

Ya pili ndiyo inayowaangusha wengi, na ikikaa sawa inaivuta ya kwanza. Mtu anaandika tangazo moja, "Twisheni Bora ya Masomo Yote", kisha analirundikia maneno 40 ya utafutaji. Mzazi wa hisabati halimgusi, wa kemia halimgusi. Gawa makundi: hisabati peke yake, kemia peke yake, kila kundi na tangazo lake. Kichwa kimoja kinaruhusu herufi 30 tu, nafasi zikihesabiwa. "Mwalimu wa Hisabati Nyumbani" ni 28. "Tunafundisha Kimara na Ubungo" ni 29, na inafanya kazi kubwa kuliko neno "bora", ambalo kila mtu analo. Halafu andika kama wazazi wanavyotafuta, siyo kama mtaala unavyoandika. Kuna anayeandika "hisabati", kuna wa "hesabu", kuna wa "maths". Wote ni wateja.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni maneno ya kuzuia. Ukichagua "mwalimu wa hisabati" kwa upana bila kizuizi, tangazo lako linaweza kumtokea anayetafuta ajira za walimu au mitihani ya nyuma ya NECTA. Akibofya, hela imekwenda. Asipobofya, tangazo linaonekana halina mvuto. Fungua ripoti ya maneno ambayo watu wameandika kweli, kila wiki, na uzuie "ajira", "mshahara", "pdf" na ndugu zake.

Kuhusu ukurasa sitasema mengi. Ufunguke haraka kwenye simu ya kawaida, picha za mahafali zenye uzito mkubwa ziondoke, na kile kilichoahidiwa kwenye tangazo kionekane kabla mtu hajashusha kidole: somo, eneo, bei, namba ya WhatsApp. Kuficha bei ili mzazi apige simu ni ujanja wa kizamani. Anarudi nyuma na kubofya jirani yako.

Hapo pia ndipo ninapokataa vile vichwa vya "Division One Uhakika". Ni kweli vinabofywa. Lakini ukurasa hauwezi kuthibitisha ahadi hiyo, mzazi anaondoka, na wewe umeshalipia mbofyo. Zaidi ya hapo, sisi tunasomea ualimu. Tunajua hakuna mwalimu anayeweza kumuuzia mtoto daraja, na mzazi anayekopa ili alipie twisheni haijui siri hiyo.

Ukianza, siku za mwanzo utaona kistari mahali pa alama. Maana yake tangazo halijaonekana vya kutosha kupimwa. Usiongeze dau kwa presha. Iache bei ilivyo, soma ile ripoti ya maneno, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati ili ujue kipi kimesaidia.