Usiiwashe Ile ya Pasaka
Kijitabu cha familia kwa mtumiaji wa tumbaku na watu anaoishi nao, wakati wa Kwaresima

KWA NINI KIJITABU HIKI

Kila mwaka mambo huenda hivi. Jumatano ya Majivu baba anarudi kutoka kanisani na alama ya majivu kwenye paji la uso, anawaambia walio nyumbani kwamba Kwaresima hii sigara basi. Wiki ya kwanza anateseka, anagomba kwa mambo madogo, anavumilia. Wiki ya nne kikohozi cha asubuhi kimepungua na kilima cha kwenda shambani anakipanda bila kusimama. Ijumaa anafuata Njia ya Msalaba vituo vyote 14. Kisha inafika Pasaka. Misa imekwisha, pilau imeliwa, rafiki anamnyooshea sigara: "Shika hii, mfungo si umekwisha?" Anaiwasha. Mwezi wa tano anavuta kama zamani. Baridi ya mwezi wa saba ikikaza, yuko kwenye benchi la zahanati anahema.

Sisi watumishi wa afya hatujachoka kumhudumia mtu huyu. Kinachotuchosha ni kwamba kazi ngumu alikwisha kuimaliza mwenyewe, tena bila dawa na bila kusukumwa na mtu. Sigara moja tu ndiyo iliyomrudisha nyuma.

Kwa hiyo, ukisoma sentensi moja tu katika kijitabu hiki, soma hii: usiiwashe ile ya Pasaka.

SIKU ZENYEWE

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari na Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Mwaka 2027 ni tarehe 10 Februari na tarehe 28 Machi.

Kwaresima huitwa siku 40 kwa sababu Jumapili 6 hazimo katika hesabu. Ukizihesabu na hizo, zinakuwa 46. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: "Jumapili si siku ya kufunga, acha nivute mbili." Habari ya nyama na pombe siku za Jumapili muulize padri au mchungaji wako. Habari ya tumbaku tuulize sisi, na jibu letu ni kwamba Jumapili inahesabiwa. Anayevuta kila Jumapili huanza upya na arosto, yale mateso ya kukosa tumbaku, kila Jumatatu. Anateseka mara sita kwa jambo ambalo angeteseka mara moja.

UNAACHA TUMBAKU YOTE

Kuacha sigara ukahamia kwenye ugoro si kuacha. Ugoro ni tumbaku. Ule wa kunusa ni tumbaku, ule wa kuweka chini ya mdomo ni tumbaku, na ule ambao bibi anaufunga kwenye pindo la kanga yake na kusema ni dawa ya kichwa, nao ni tumbaku. Kuberi ni tumbaku. Ya kutafuna pamoja na tambuu ni tumbaku. Msokoto na kiko ni vilevile. Tumbaku isiyo na moshi huleta saratani ya kinywa na ya koo la chakula, na tunawaona wazee wanaokuja wakati kidonda kimeshakula shavu. Shisha, hata ikinukia matunda, ni moshi uleule, na kikao kimoja huingiza moshi mwingi kuliko sigara moja. Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016. Vepu nyingi wanazovuta vijana zina nikotini, kitu kilekile kinachomfunga mtu kwenye sigara.

Wapo pia wanaosema, "Mimi napunguza, kutoka kumi hadi tatu." Hizo tatu zinakuweka mlangoni mwa zile kumi, na moyo wako haupati nafuu unayoidhania, kwa sababu hata sigara moja kwa siku inauumiza.

Wapo wanaoacha soda, nyama au sukari kwenye chai, wakabaki na sigara. Sadaka yao tunaiheshimu. Lakini ukiniuliza mimi afisa afya katika hivyo vyote uache kipi, sitafikiri mara mbili. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na kati yao wamo wengi ambao hawakuvuta kamwe, waliishi tu na mvutaji. Sukari kwenye chai utaijadili mwakani.

SIKU TATU ZA MWANZO

Ndizo kali kuliko zote. Kichwa kitauma, usingizi utaruka, hasira zitakuja bila sababu, mikono itatafuta kitu cha kushika. Baada ya hapo hali hulegea, na kwa wengi wiki mbili hadi nne zinatosha kuyamaliza haya. Hamu yenyewe, hata ikiwa kali vipi, haidumu saa nzima. Inakuja, inakaa dakika chache, inapita. Kazi yako ni dakika hizo tu. Kunywa maji taratibu. Inuka ulipokaa. Chukua jembe, ndoo, ufagio, chochote. Tafuna karoti au kipande cha muwa ikiwa si saa ya kufunga. Sali kama ndiyo desturi yako. Ondoka kijiweni.

Siku za kufunga, kama Jumatano ya Majivu yenyewe, njaa na arosto hufika pamoja na mtu hushindwa kuzitofautisha. Ule mlo mkuu ulioruhusiwa ule vizuri. Kushinda na chai ya rangi tupu huku unaacha sigara ni kujitafutia kushindwa.

Kahawa ipunguze. Mtu akiacha sigara, kahawa hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko alivyozoea, mapigo yakaenda mbio, usingizi ukakataa. Kisha anasingizia kuacha sigara, anairudia.

Unaweza kukohoa zaidi siku za mwanzo. Usiogope, na usikubali mtu akuambie kifua "kimezoea moshi".

USIFUNGE DAWA

Mgonjwa wa kifua kikuu, wa presha, wa kisukari, anayetumia ARV: dawa zako haziingii kwenye mfungo, hata siku moja. Mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga chakula, na hata mama mjamzito naye amesamehewa. Ukiona aibu kula wakati wenzako wamefunga, zungumza na padri, atakueleza hivyohivyo. Tumbaku ndiyo unayoweza kuiacha bila ruhusa ya daktari. Dawa za kifua kikuu ukiziruka, ugonjwa unarudi ukiwa sugu, na anayekunywa dawa hizo huku anavuta anajichelewesha kupona.

MOSHI NDANI YA NYUMBA

Nyumba anamolala mtoto, hakuna kuvuta ndani yake, na dirisha wazi halisaidii.

KWA MAMA, KWA BABA, KWA WANAOISHI NA MVUTAJI

Wiki ya kwanza mwenzenu atakuwa mkali. Msimjibu kila neno. Msimsimange kwa mfungo wa mwaka jana ulioshindikana, na msimtangaze kwenye jumuiya kabla hajawa tayari. Kiberiti kikae jikoni, kisikae mfukoni mwake. Kibati cha majivu kitupwe, kisioshwe na kuwekwa kabatini kusubiri Pasaka.

Msimtume mtoto dukani kununua sigara. Tunarudia: msimtume mtoto dukani kununua sigara. Sheria haimruhusu mwenye duka kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na wapo wanaovuta leo ambao waliipata pafu ya kwanza njiani kutoka dukani, wakiwa wametumwa na baba au mjomba.

Kama wavutaji ni wawili ndani ya nyumba, waache pamoja. Mmoja akiendelea kuvuta barazani, yule mwingine hafiki Jumapili ya Matawi.

FEDHA

Fanya hesabu yako mwenyewe. Tuseme sigara moja ni shilingi 200 na unavuta 10 kwa siku. Hiyo ni shilingi 2,000. Kwa siku 46 ni shilingi 92,000. Kwa mwaka ni shilingi 730,000. Ziweke kwenye kopo kila siku badala ya kuziacha mfukoni, maana za mfukoni hazionekani. Sehemu yake itoe sadaka ya Kwaresima ukipenda, lakini kwa nyingine nunua kitu cha nyumbani ambacho watoto watakiona.

JIRANI ANAYEFUNGA RAMADHANI

Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zinaanza karibu siku moja. Ndugu yetu Mwislamu anakaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kuvuta, siku baada ya siku, kisha anaiwasha moja mara tu baada ya futari. Ameshaonyesha kwamba anaweza kukaa saa 13 bila tumbaku. Jirani Mkristo na jirani Mwislamu wanaweza kusindikizana jioni, maana jioni ndiyo saa ngumu kwa wote wawili. Tunayomwambia mmoja kuhusu ile ya Pasaka, mwingine ayasikie kuhusu ile ya futari na ile ya Idi.

PASAKA YENYEWE

Hapa soma polepole, na uwasomee wengine nyumbani.

Utakapofika Mkesha wa Pasaka utajisikia mzima. Pumzi imerudi, chakula kina ladha, mdomo haunuki. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu utajiambia, "Nimeishinda, moja haitanifanya kitu." Itakufanya. Mwili uliovuta miaka mingi hausahau kwa wiki sita. Makaa yaliyofunikwa majivu yanaonekana yamezimika mpaka upepo uje. Moja ya Jumapili inaomba nyingine Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne unanunua pakiti.

Usiiwashe ile ya Pasaka. Usiiwashe hata kama aliyekupa ni kaka yako ambaye hamjaonana tangu Krismasi. Usiiwashe hata kama ni pafu moja kutoka kwenye sigara ya mwenzako. Usiwe na sigara ya akiba juu ya kabati. Aliyeificha "kwa dharura" alishapanga kuivuta.

Pombe ndiyo mlango wake mkubwa. Kwenye mbege, rubisi, ulanzi au bia, mtu aliyekataa sigara siku 46 huikubali glasi ya tatu ikiisha. Pasaka hii kunywa kidogo au usinywe kabisa, kaa na wasiovuta, na uondoke mapema. Jibu uwe nalo tayari, fupi: "Nimeacha." Usiseme "nimefunga." Ukisema umefunga, watakuambia mfungo umekwisha, nao watakuwa wamesema kweli.

Ukishaivuka Pasaka, yanayofuata ni makubwa kuliko uliyokwisha kuyaona. Ndani ya miezi michache kikohozi na kuhema huzidi kupungua. Ukifika Kwaresima ijayo hujawasha, hatari yako ya ugonjwa wa moyo ni kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Kwa waumini Wakatoliki tuongeze hili: tangu mwaka 2018 Vatican haiuzi sigara, kwa uamuzi wa Papa Fransisko, ingawa biashara hiyo ilikuwa ikiwaingizia fedha. Hawakuiacha kwa Kwaresima moja.

KAMA UMEIWASHA

Izime, hata kama iko nusu. Usinunue pakiti. Usisubiri Kwaresima ya mwakani, wala tarehe 31 Mei ambayo ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, wala Jumatatu. Siku ya kuacha tena ni hiyohiyo uliyoiwasha. Zile siku 46 hazijapotea, zimekufundisha saa gani hamu inakuja na nani anakupa.

NJOO ZAHANATI UKIONA HAYA

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hata kama unadhani ni cha sigara tu. Kukohoa damu. Kupungua uzito bila sababu au kutoka jasho usiku. Kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki mbili, hasa pale unapoweka ugoro. Sauti iliyokwaruza ikagoma kurudi. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya: hayo hayasubiri asubuhi, tafuta usafiri uende hospitali.

Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Unayetaka kuacha tumbaku ukashindwa peke yako, njoo pia, hata kama huna ugonjwa. Hatutakuuliza ni mara ya ngapi. Anayeishi mbali na kituo anaweza kupiga 199, huduma ya Wizara ya Afya, bila malipo.