Mbiu ya Damu

Mtu akijikata kwa kisu, damu humtoka. Lakini jeraha likiwa dogo, baada ya dakika chache damu hukoma. Ni nini kiizuiacho? Na tutazame.

Katika damu mna vijichembe vidogo mno, viitwavyo chembe sahani. Katika milimita moja ya ujazo zimo 150,000 hata 400,000. Kila chembe imezungukwa na utando wa mafuta, na ndani ya utando huo imewekwa akiba ya asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki.

Mshipa ukikatwa, chembe sahani hunata mahali pale. Hapo kimeng'enya kimoja huibandua asidi ile katika utando. Kimeng'enya ni kitu cha mwili kigeuzacho vitu vingine, nacho chenyewe hakipungui. Kimeng'enya cha pili huigeuza asidi hiyo, na cha tatu huifanya kuwa tromboksani. Hii ndiyo mbiu ya mgambo: chembe nyingine zikiipata huja, hushikamana, na kuziba tundu. Mbiu yenyewe haidumu. Kila nusu dakika hivi, nusu yake hupotea.

Lakini mbiu ikilia ndani ya mshipa wa moyo uliochakaa, donge huziba njia ya damu, na mtu aweza kufa. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini hukizuia kimeng'enya cha pili. Chembe sahani haina kiini, wala haiwezi kujitengenezea kingine. Basi haipigi tena mbiu hiyo hata mwisho wa maisha yake, yaani siku 8 hata 10. Kwa hiyo mtu aendaye kung'olewa jino na amwambie daktari kama amemeza aspirini.

Chakula nacho kina neno. Mafuta ya samaki wa baharini yana asidi nyingine, ambayo hushika nafasi ya arakidoniki katika utando, na mbiu yake ni dhaifu. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Denmark waliona kwamba wenyeji wa Greenland, walao samaki na sili, wakijeruhiwa damu yao hukawia kukoma.

MASWALI
1. Asidi arakidoniki huwekwa wapi?
2. Kwa nini mbiu ya damu isidumu?
3. Eleza kwa nini aspirini yaweza kuwa msaada kwa mmoja na hatari kwa mwingine.