Imani Siku ya Msiba

Somo: Ruthu 1:1-22, Zaburi 88



Msiba ukiingia nyumbani, maneno huwa mengi. Mmoja husema, "Usilie, wewe ni Mkristo." Mwingine hunong'ona kwamba kifo hiki kina mkono wa mtu, afadhali kwenda kwa mganga. Mfiwa hubaki hajui kama huzuni yake ni dhambi. Mwezi huu tumsikilize Naomi.

Njaa ilimtoa Bethlehemu akaenda Moabu pamoja na mumewe Elimeleki na wana wao wawili, Maloni na Kilioni. Mume alikufa, kisha wana nao wakafa. Mjane asiye na mtoto siku zile hakuwa na wa kumlisha wala wa kumtetea. Aliporudi kwao alilikataa jina lake, ambalo maana yake ni kupendeza, akataka aitwe Mara, yaani uchungu. Akasema wazi kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtenda hivyo.

1. Hakuficha uchungu wake. Wala Maandiko hayamkemei kwa hilo. Zaburi 88 huanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, nayo huishia gizani. Hakuna aya ya furaha mwishoni. Hata hivyo Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kimeipanga isomwe jioni ya Ijumaa Kuu. Basi kumlilia Mungu si kukosa imani. Asiyemwamini angemlilia nani?

2. Alirudi kwa watu wa Mungu. Hakuitegemea miungu ya Moabu. Alirudi Bethlehemu na uchungu wake wote. Wengi wetu baada ya matanga huacha kuja kanisani, kwa kuwa kila wimbo huwaliza. Ndugu, njoo hivyo hivyo ulivyo. Usipoweza kuomba, keti tu, wenzako watakuombea.

3. Alisaidiwa kwa mkono wa mtu. Hatusomi kwamba malaika alimtokea. Ruthu mkwewe, naye mjane, alikataa kumwacha, akaenda kuokota masazo ya shayiri ili wapate kula. Sisi huijaza nyumba siku za mazishi, lakini baada ya wiki tatu hakuna anayebisha hodi. Huo ndio wakati wa kupeleka kibaba cha unga na kukaa na mfiwa bila hotuba.

4. Tumaini lake halikufuta msiba. Ruthu alimzaa Obedi, babu yake Mfalme Daudi, na katika ukoo huo alizaliwa Bwana wetu (Mathayo 1:5-16). Naomi alimpakata mtoto kwa furaha. Lakini Maloni na Kilioni hawakurudi. Kwa hiyo tusimwambie mama aliyefiwa, "Utapata mwingine." Tumaini letu ni ufufuo, na Bwana wa ufufuo mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro (Yohana 11:35).

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Ni maneno gani tunayowaambia wafiwa ambayo huwaongezea uchungu?
2. Ni nani mtaani kwetu aliyefiwa miezi iliyopita? Nani atamtembelea juma hili?

Sala
Ee Bwana uliyelia pamoja na waliolia, wapokee wote wanaokuja kwako na uchungu, na utufanye sisi kuwa Ruthu kwao. Amina.