Somo juu ya Kuondoa Kijiti cha Uzazi

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yapasa kujua kwamba jambo la kijiti cha uzazi, ambacho wengine hukiita kipandikizi, si la wanawake peke yao. Utafiti wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kijiti ndicho njia ya kisasa itumiwayo zaidi na wanawake walioolewa. Basi mume asiyejua khabari zake aishi na jambo lililomo nyumbani mwake naye hana ilimu nalo.

Na mfano wake ni mtu wa pwani aliyepanda bara akafanya biashara huko Masieda, katika Mkoa wa Manyara. Mkewe ana kijiti mkononi, nao wote wawili wataka mtoto. Jirani amwambia mume: Kwa nini kwenda mbali? Kijiti hutolewa kwa wembe. Je, afanyeje mtu huyu?

Mas-ala ya kwanza: Kijiti ni nini?

Ni kijiti laini, urefu wake kama sentimita 4, kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono kwa upande wa ndani, juu ya kiwiko. Hutoa dawa kidogo kidogo inayozuia mimba. Kiitwacho Implanon ni kimoja, na muda wake ulioandikwa ni miaka 3. Kiitwacho Jadelle ni viwili, na muda wake ni miaka 5. Muda ukiisha hutolewa. Na mwanamke akitaka kitolewe kabla ya muda, hutolewa pia, wala hapaswi kutoa udhuru.

Mas-ala ya pili: Sharia yasemaje?

Imepokewa kwa Jabir bin Abdillah kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga manii nje, zama za Mtume, nao hawakukatazwa. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, aliijuzisha azli katika Ihya. Kisha Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la ulimwengu lilikutana Kuwait mwaka 1988, likaamua kwamba kuzuia uzazi kwa muda, ili kupisha nafasi baina ya watoto, kwafaa kwa mashauri na ridhaa ya mume na mke, maadamu hakuna madhara. Ama kuukata uzazi moja kwa moja bila ya dharura ni haramu.

Na katika hukumu hii mna jambo la kuzingatiwa sana. Kijiti kimejuzu kwa kuwa ni cha muda, na kuwa cha muda maana yake ni kuwa chaweza kuondolewa. Basi mwenye kumzuia mwanamke asikiondoe, akiwa ni mume au mganga, amekigeuza cha muda kikawa kama cha daima. Kadhalika mume asimburure mkewe kwenda kukitoa naye ni mgonjwa au ananyonyesha mtoto mchanga. Kwani hata katika kumwachisha mtoto ziwa, Kurani katika Suratul Baqara imetaja ridhaa na mashauri ya wazazi wawili.

Mas-ala ya tatu: Hutolewaje?

Hutolewa zahanati au hospitali na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Kwanza hukipapasa kwa vidole mpaka akijue kilipo. Kisha hupiga sindano ya ganzi, akachanja ngozi kidogo karibu na ncha ya kijiti, akakisukuma na kukivuta kwa koleo ndogo. Hukitazama kama kimetoka kizima, kisha hufunga kitambaa. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Akipatikana muuguzi mwanamke ni bora. Asipopatikana, haja ya matibabu yamruhusu mwanamume.

Kijiti kisipopapasika, ngozi isichanjwe kwa kubahatisha. Yataka mwanamke apelekwe mahali penye vyombo vya kupiga picha, kwani huenda kimezama karibu na mishipa. Kwa watu wa upande wa Masieda, hospitali kubwa ya karibu ni ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955.

Ama wembe wa jirani, ndani yake mna kukatika mishipa, na usaha, na kijiti kuvunjika kipande kikabaki. Na kujitia katika hatari hali njia ya salama ipo si katika dini.

Mas-ala ya nne: Damu na mimba

Kijiti huweza kuvuruga damu ya mwezi, ikakatika au ikazidi. Katika madhehebu ya Shafii, hedhi haizidi siku 15. Ikizidi, mwanamke ni mwenye istihadha, naye husali na kufunga kwa hukumu zake. Mume asiidhanie damu hiyo kuwa ni uchafu wa tabia. Ikimtaabisha mke, hiyo yatosha kuwa sababu ya kukiondoa.

Kikisha tolewa, dawa hutoka mwilini upesi, na mimba yaweza kushika kabla ya mwezi kupita. Basi wasiotaka mtoto bado nawashauriane njia nyingine siku ile ile.

Kwa hivyo jawabu ya mtu wa Masieda ni hii: auache wembe, atoe nauli, afuatane na mkewe hata zahanati, na kazi za nyumbani azishike yeye mpaka mkono upone. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.