Ungebadili Nini Katika Mwili Wako?

Mtu akiulizwa ghafula, "Kama ungepewa ruhusa ya kubadili jambo moja tu katika mwili wako, ungebadili nini?", mara nyingi hucheka kwanza, kisha hujitazama. Mmoja atasema angependa kuwa mrefu. Mwingine angependa kupunguza kitambi. Binti atataja rangi ya uso wake. Mzee atataja magoti. Swali ni la mchezo, lakini majibu yake si mchezo, kwa kuwa mtu hutumia fedha yake, wakati wake, na pengine hata uhai wake, kwa kufuata jibu alilolitoa moyoni bila kumwambia mtu. Kwa hiyo tumeona yafaa swali hili liwe somo letu la juma hili.

Twende Old Korogwe, katika mkoa wa Tanga, karibu na mto Pangani, mahali ambapo mtu akiinua macho huiona milima ya Usambara. Tuingie katika nyumba moja. Nyumba hii tumeitunga kwa ajili ya somo, lakini huenda msomaji akawatambua watu wake. Ndani yumo binti anayengoja arusi yake baada ya miezi miwili. Nje, chini ya mwembe, ameketi mjomba wake, mzee mpole, mwenye kujifunga shuka pana hata wakati wa joto. Shangazi amekuja kutoka Handeni kusaidia matayarisho ya arusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako umefanya nini?"

"Si kitu, shangazi. Nimetakata tu."

"Kutakata ni kwa maji na sabuni, mwanangu. Huku ni kuchunika."

Binti akanyamaza. Na mjomba, ambaye hakuulizwa neno, alinyamaza vilevile. Basi tuchunguze ukimya huo wa watu wawili, maana ndani yake limo somo lote.

RANGI YA NGOZI NI KAZI, SI DOA

Rangi ya ngozi hutokana na kitu kiitwacho melanini, ambacho hutengenezwa na chembe maalumu zilizo katika ngozi. Wanadamu wote, weusi kwa weupe, wanazo chembe hizo kwa idadi inayokaribiana. Tofauti ni wingi na aina ya melanini zinayoitoa. Kazi ya melanini ni kuukinga mwili na ukali wa jua. Katika nchi zetu hizi zilizo karibu na ikweta, jua hupiga mwaka mzima. Ngozi nyeusi basi ni mwavuli ambao mtu amezaliwa nao.

Atakaye kujua thamani ya mwavuli huo na awaulize ndugu zetu wenye ualbino, ambao miili yao haitengenezi melanini ya kutosha. Hao huungua kwa jua tangu utotoni, na saratani ya ngozi huwapata mapema kuliko watu wengine. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha kufundisha utabibu wa magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua. Mtu mmoja, basi, hupakwa mafuta ili apate kinga asiyozaliwa nayo. Mwingine, katika nchi hiyohiyo, hununua mafuta ili aiondoe kinga aliyozaliwa nayo. Je, si ajabu?

Mafuta hayo ya kuondoa rangi watu huyaita mkorogo, na jina hilo linasema kweli, kwani huwa yamekorogwa kwa vitu vingi ambavyo mpakaji havijui. Vitu vitatu ndivyo viovu kuliko vyote.

Cha kwanza ni haidrokwinoni. Hiki huzuia kutengenezwa kwa melanini, na mwanzoni uso hung'aa. Lakini kikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi wa tabibu huweza kuleta mabaka meusi yenye rangi ya bluu, yasiyotoka kwa urahisi. Yaani aliyekimbia weusi huletewa weusi mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza. Afrika Kusini waliyaona mabaka hayo kwa watu wengi, na mwaka 1990 serikali ya huko ikakataza haidrokwinoni katika vipodozi.

Cha pili ni dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo matabibu huzitumia kwa kipimo kutibu magonjwa fulani ya ngozi. Zikipakwa mwili mzima kila siku, kwa miezi na miaka, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupata michirizi na chunusi, na vidonda huchelewa kupona. Zaidi ya hayo, dawa hizo huweza kupenya hata katika damu, zikapandisha shinikizo la damu na sukari. Mwanamke mwenye ngozi hiyo akihitaji kupasuliwa, kama katika uzazi, daktari huipata shida ya kushona, na kidonda shida ya kufunga.

Cha tatu ni zebaki. Hii ni sumu ya figo na ya mishipa ya fahamu, na mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Ubaya wa zebaki ulijulikana ulimwenguni kwa msiba wa mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye sumu hiyo, iliyotoka kiwandani, ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mapatano ya mataifa yaliyopewa jina la mji huo, ya mwaka 2013, yalikataza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki kupita sehemu 1 katika milioni. Na mwaka 2023 mataifa yakakubaliana kuiondoa kabisa katika vipodozi.

Hapa Tanzania haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini sheria haiingii chumbani mwa binti. Anayeingia humo ni mama, au shangazi, au rafiki. Na yampasa aingie kwa upole, maana binti huyu hakuzaliwa akiichukia rangi yake, alifundishwa. Alisikia tangu utotoni, "Huyu mweupe ndiye mzuri." Sisi wazazi tulisema neno hilo kwa mzaha, naye akalihifadhi. Wahenga walionya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Lakini twamlaumuje binti kwa kuutafuta mkakasi, ikiwa sisi ndio tuliousifu?

AIBU YA MJOMBA

Sasa tumrudie mzee aliye chini ya mwembe. Kama tungemwuliza swali letu faraghani, angejibu mara moja. Kwa miaka mingi amechukua busha, au ngirimaji kama waganga wa serikali wanavyoliita. Kwa sababu hiyo aliacha kulima shamba la mbali, akaacha kwenda vikaoni, akaacha hata kusafiri. Akiulizwa, husema ni magoti. Moyoni huamini kwamba yalimpata hayo kwa kunywa madafu mengi ujanani, kama watu wengi wa pwani wanavyoamini, na kwamba jambo hilo halina dawa.

Yote mawili si kweli. Dafu halina kosa. Mabusha ya namna hii, pamoja na matende ya miguu, huletwa na minyoo midogo ya filaria, ambayo mbu huichukua kutoka katika damu ya mtu mmoja na kuipeleka kwa mwingine. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mirija ya maji ya mwili kwa miaka kadhaa, huiharibu, na maji hushindwa kupita sawasawa. Vijana wa minyoo hiyo hutoka katika damu usiku, saa zile mbu wanapouma; ndiyo sababu wapimaji wa zamani walikwenda vijijini usiku kutoa damu. Wala ugonjwa huu si laana, wala si malipo ya uasherati.

Tena dawa ipo. Busha hutibiwa kwa upasuaji ambao madaktari wa hospitali za wilaya wanaufahamu: maji huondolewa, ngozi iliyoyashika hukatwa au hugeuzwa, na mtu hurudi katika kazi zake baada ya kupona kidonda. Katika mikoa ya pwani zimefanyika mara nyingi kambi za upasuaji huo. Mguu wenye tende haurudi kwa urahisi kuwa kama ulivyokuwa, lakini maumivu na homa zake hupungua sana kwa mambo yasiyo na gharama kubwa: kuuosha kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri hata katikati ya vidole, kutibu kila mkwaruzo mapema, kuunyosha na kuuchezesha, na kuuinua mtu anapoketi au kulala.

Kinga nayo ipo. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kuufuta ugonjwa huu mwaka 2000, kwa kuanzia kisiwa cha Mafia. Mkoa wa Tanga ulianza kugawiwa dawa mwaka 2004. Dawa hizo, ivermektini na albendazoli, hutolewa bure mara moja kwa mwaka, na huitwa kingatiba. Huwaua hasa minyoo wachanga walio katika damu, wala si wote waliokomaa. Kwa hiyo yapasa kurudia mwaka baada ya mwaka, walau miaka mitano, mpaka wale wakubwa wafe kwa uzee pasipo kuacha warithi. Bandu bandu huisha gogo. Katika wilaya nyingi za nchi ugawaji umekwisha simamishwa, kwa kuwa vipimo vimeonyesha kwamba maambukizo yamepungua. Nchi ya Togo ilitangazwa mwaka 2017 kuwa imeushinda ugonjwa huu, na Malawi ikafuata mwaka 2020.

Tazama basi mambo yalivyopinduka katika nyumba moja. Binti anaona aibu kwa kitu kisicho ugonjwa, na kwa kukitibu anajitia ugonjwa. Mjomba anao ugonjwa wenye tiba, na kwa aibu haendi kutibiwa. Mficha uchi hazai. Na mficha maradhi, kilio humfichua.

DAMU YA WATOTO WA KOROGWE

Lipo jambo la tatu, ambalo mtu mmoja peke yake hawezi kulibadili, lakini watu wengi pamoja huweza. Korogwe kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watafiti waliopima watoto na vijana katika vijiji vya wilaya hiyo walikuta mwaka 2003 kwamba katika vijiji vya bondeni zaidi ya 7 kati ya 10 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Miaka mitano baadaye hesabu hiyo ilikuwa imeshuka sana. Vyandarua vilikuwa vimeenea, na dawa zilizo bora zaidi zilikuwa zimeingia.

Kisha, kati ya mwaka 2009 na 2014, Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto 15,459 waliingia katika jaribio hilo, na Bagamoyo nayo ilikuwa na kituo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wa nchi zenye malaria nyingi. Kumbe mama wa Korogwe, aliyembeba mtoto wake mgongoni kwenda kuchomwa sindano ya majaribio, alishiriki katika kubadili afya ya watoto ambao hatawaona kamwe. Hakuna kipodozi kilichopata kufanya hivyo.

TUFANYE NINI BASI?

Somo letu ni hili: yako mambo ya mwili yasiyohitaji kubadilishwa, na hayo tuyapende, yako yanayoweza kutibiwa, na hayo tuyapeleke kwa tabibu pasipo haya, yako yanayohitaji mkono wa wengi, na hayo tuyatende pamoja. Makosa yetu mengi hutokana na kuyachanganya makundi hayo matatu.

Aliyekwisha kuzoea mkorogo asitukanwe, wala asiuache wote kwa siku moja bila ushauri ikiwa ameutumia muda mrefu, kwani ngozi iliyozoea dawa kali huweza kufura na kuwasha sana inaponyimwa ghafula. Na aende hospitali, achukue kopo lenyewe, amwonyeshe mganga, naye atamwongoza. Mama mwenye mimba asingoje hata juma moja kwenda. Mwenye busha au tende naye aende. Na mke wake, au mwanawe wa kiume, amsindikize, maana safari ya aibu ni ndefu kwa aendaye peke yake. Mahali ambapo kingatiba bado inagawiwa, watu wa nyumba wasiikwepe. Wajawazito na watoto wadogo wafuate maagizo ya mgawaji. Nacho chandarua kitandikwe juu ya kitanda, kisifunike miche bustanini.

Na sisi wazazi tuyapime maneno yetu. Jioni ya leo, chakula kikiisha, waulizeni watoto wenu swali tuliloanza nalo, kisha msikilize bila kucheka. Ulizeni pia: Ni nani katika nyumba yetu anayeficha maumivu? Ni neno gani letu lililomfanya afiche?

Katika ile nyumba ya Old Korogwe, kama shangazi ni mwenye busara, atafanya mambo mawili kabla ya arusi. Atamketisha binti na kumwambia kwamba bwana arusi alimchumbia akiwa na uso wake mwenyewe. Kisha atakwenda chini ya mwembe, aketi karibu na kaka yake, na kumwuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, ni magoti kweli?"