Pengo Lisikukimbize

Wadogo zangu wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, leo tuongee meno. Inaniuma kumwona binti kang'oa jino la mbele, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Aibu hiyo ndiyo inayompeleka kwa mtu yeyote atakayesema, "Njoo nikubandikie leo leo."

Usiende. Jino linalogandishwa kwa plastiki kwenye majirani zake halitoki wala halisafishiki. Uchafu unajificha chini yake, ufizi unavimba, na wewe uliyeingia na pengo moja unatoka na matatu.

Jino likishang'olewa, kidonda hufunga kwa wiki chache, lakini mfupa wa taya huendelea kusinyaa kwa miezi. Ndiyo maana jino bandia lililotengenezwa mapema hulegea. Kwa kawaida husubiriwa miezi 2 au 3. La mbele unaweza kuwekewa la muda kabla ya hapo, ukijua litahitaji kurekebishwa. Ila usikae miaka: majirani wa pengo hulala upande wake, jino la mkabala hurefuka kulifuata, mwisho hata nafasi ya kuweka jino inakosekana. Gego la mwisho kabisa lisikuumize kichwa, wengi wanaishi vizuri bila kuliziba.

Ukifika kwa daktari utasikia habari ya daraja: majirani wawili wanachongwa, wanavishwa kofia zinazobeba jino la katikati. Linakaa imara, lakini jino lililochongwa halirudi lilivyokuwa. Kama majirani zako ni wazima na wewe bado kijana, mimi dada yako sikushauri. Kuna pia kipandikizi, skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, na hadi leo hakuna kinachokaribia jino la asili kama hicho. Lakini ni ghali, mfupa huchukua miezi kadhaa kuishika skrubu, na sigara au kisukari kisichodhibitiwa huiharibu kazi yote.

Kwa anayeishi mwambao wa Nyasa, chaguo langu la kwanza ni jino la plastiki la kuvaa na kuvua. Bei yake ni nafuu, halimgusi jirani kwa tupa, na likivunjika linatengenezeka. Halizuii kubadili mawazo baadaye ukipata uwezo. Wiki ya kwanza litakusumbua, mate yatajaa, maneno yatateleza. Kula ugali laini na mbasa aliyechambuliwa miiba, utazoea. Likikuchubua rudi likachongwe, usilichonge mwenyewe kwa kisu. Usiku livue, lisugue kwa brashi na sabuni ya kawaida, lilaze kwenye maji safi ya baridi. Ya moto yanalipinda. Na usilale nalo, hasa likiwa dogo la jino moja, kwani watu wamewahi kumeza la namna hiyo.

Anzia kitengo cha meno cha hospitali iliyo karibu nawe. Kama hawatengenezi, watakuambia uende wapi, na swali la kwanza kuwauliza huko ni hili: nikihitaji marekebisho, nirudi kwa nani? Fedha za kahawa zikiingia msimu huu, tenga nauli ya kwenda zaidi ya mara moja, maana vipimo huchukuliwa siku moja na jino huvaliwa siku nyingine.